Koloidi

Koloidi ni mchanganyiko ambamo chembe ndogo mno za dutu moja zimetawanyika ndani ya dutu nyingine bila kuyeyuka na bila kutua chini. Kinachoamua ni ukubwa wa chembe, ambao kwa kawaida huwa kati ya nanomita 1 na nanomita 1,000. Chumvi ikitiwa majini huachana hadi ayoni mojamoja, na kinachopatikana ni mmumunyo halisi, angavu, usiochujika. Mchanga ukikorogwa majini hugeuka mashapo mara tu mkono unapotulia. Koloidi iko katikati ya hali hizo mbili: hupenya karatasi ya kuchujia kama mmumunyo, lakini hutawanya mwanga. Glasi ya maji iliyotiwa matone machache ya maziwa, ikimulikwa kwa kurunzi gizani, huonyesha waziwazi mwale unakopita; glasi ya maji ya chumvi haionyeshi kitu.

Maziwa, tui la nazi, damu, wino, ukungu, moshi na maji ya mto yenye tope ni za kundi hili.

Aina

Yabisi iliyotawanyika katika kimiminika huitwa soli. Kimiminika katika kimiminika, emalsheni. Gesi katika kimiminika, povu. Na chembe zinazoelea hewani, erosoli. Soli ikishikana yote kwa pamoja huwa jeli. Gesi kwa gesi haziundi koloidi, kwa kuwa huchanganyika kabisa.

Historia

Mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, aliona kwa hadubini chembe zilizotoka ndani ya chavua zikitikisika majini bila kukoma. Mwaka 1857 Michael Faraday alitengeneza London kimiminika chenye rangi nyekundu ya kupendeza kutokana na dhahabu iliyogawanywa hadi chembe zisizoonekana kwa jicho. Dhahabu ya namna hiyo ndiyo inayochora mstari mwekundu katika vipimo vingi vya haraka vya malaria na vya ujauzito.

Jina la koloidi lilitolewa mwaka 1861 na Thomas Graham, mkemia mzaliwa wa Glasgow ambaye wakati huo alikuwa pia mkuu wa kiwanda cha sarafu cha serikali ya Uingereza. Graham alitumia utando wa karatasi ya pachimenti na kuona kwamba sukari na chumvi hupita upesi, ilhali gundi ya mti, jelatini na ute wa yai hubaki upande wa pili. Alidhani amegundua makundi mawili ya maada yaliyotengana kabisa. Baadaye ilibainika kuwa dutu ileile huweza kuwa koloidi au kutokuwa, kutegemea chembe zake zina ukubwa gani. Hata hivyo istilahi zake zimedumu, na mbinu yake ya utando imekuja kuokoa maisha ya watu wengi.

Mtikisiko aliouona Brown ulielezwa kihesabu na Albert Einstein mwaka 1905, kisha ukathibitishwa kwa vipimo makini na Jean Perrin wa Ufaransa, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 1926. Kazi hiyo iliwanyamazisha wanasayansi waliokuwa bado wanakana kuwapo kwa atomu.

Chaji na kuganda

Mtikisiko peke yake hautoshi kuzuia chembe zisigandane. Chembe nyingi za koloidi hubeba chaji ya umeme ya aina moja, hivyo husukumana kila zinapokaribiana. Chaji hiyo ikiondolewa, koloidi huvunjika. Hans Schulze mwaka 1882 na William Hardy mwaka 1900 walionyesha kwamba kadiri ayoni inayoongezwa inavyokuwa na chaji kubwa, ndivyo kiasi kidogo zaidi kinavyotosha kugandisha.

Tope la Mto Rufiji lina chembe za mfinyanzi zenye chaji hasi. Zikikutana na chumvi ya Bahari ya Hindi hushikana, huwa nzito na kutua, na mashapo hayo ni sehemu ya udongo unaobeba mikoko ya delta. Shabu inayotiwa kwenye ndoo ya maji machafu hufanya kazi hiyohiyo kwa nguvu zaidi, kwa sababu ayoni ya alumini ina chaji chanya tatu. Mbegu za mlonge zilizotwangwa nazo zina protini yenye chaji chanya. Wanawake wa Sudan walizitumia kusafisha maji ya Nile, na mtafiti Samia Al Azharia Jahn aliichunguza kwa kina mbinu yao. Maji yaliyosafishwa hivyo bado yanahitaji kuchemshwa.

Maziwa

Hakuna mfano bora kuliko maziwa ya ng'ombe, kwa kuwa yanakusanya yote. Takriban asilimia 87 ni maji. Ndani yake laktosi, sukari yenye fomula C12H22O11, imeyeyuka kabisa. Protini ya kaseini imetawanyika katika vifungu vya wastani wa nanomita 150. Na mafuta yanaelea kama matone makubwa zaidi. Bakteria hugeuza laktosi kuwa asidi ya laktiki, pH hushuka kutoka 6.7 hadi karibu 4.6, chaji ya kaseini huisha, na maziwa huganda. Ndivyo unavyopatikana mtindi, na ndivyo inavyopatikana mursik ya Wakalenjin katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa.

Maziwa yakisukwasukwa, emalsheni hupinduka: badala ya mafuta ndani ya maji, huwa maji ndani ya mafuta, yaani siagi. Siagi ikichemshwa hadi maji yaishe hubaki samli.

Tui la nazi

Nazi iliyokunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwenye kifumbu hutoa kwanza kasimile, kisha tui jepesi. Yote mawili ni emalsheni ya matone ya mafuta yaliyovikwa protini. Protini hizo huanza kuharibika kwenye nyuzijoto 80 hivi za Selsiasi. Ndiyo maana mpishi wa pwani huchemsha mboga kwa tui jepesi, hutia kasimile mwishoni, na hukoroga bila kuacha mpaka lichemke ili lisikatike. Ukwaju au ndimu nyingi nayo hulikata. Anayetaka mafuta ya nazi hufanya kinyume: huliacha tui lilale, huengua utando mzito wa juu na kuuchemsha hadi mafuta yajitenge.

Tiba

Katika mji wa Kampen, Uholanzi ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani, daktari Willem Kolff aliunda mwaka 1943 figo bandia kwa mbinu ileile ya Graham, akitumia utando wa selofani ya kufungia soseji. Urea na chumvi zilipenya utando huo. Protini na chembe za damu zilibaki. Wagonjwa wa mwanzo karibu wote walifariki. Mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 aliyekuwa amepoteza fahamu alipona.

Mpira

Utomvu wa mpira ni koloidi yenye chaji hasi. Amonia huuhifadhi ukiwa kimiminika, asidi ya fomiki huugandisha.