Karura: Msitu Uliookolewa, Ardhi Inayokanyagwa

Sisi tunaokaa Rosettenville, tukitaka kutembea porini huenda Klipriviersberg, kusini mwa mtaa wetu. Kule huwa tunajiuliza: nani anahesabu wanaoingia, na kwa faida gani? Historia ya Karura, Nairobi, inatupa sehemu ya jibu.

Karura, wenye hekta zaidi ya 1,000, ulitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa wajenzi binafsi. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa na walinzi walipokwenda kupanda mti. Msitu ulinusurika, lakini wakazi wa jiji waliendelea kuuogopa kwa sababu ya majambazi.

Sheria ya Misitu ya 2005 iliruhusu wananchi kushiriki kusimamia misitu pamoja na serikali. Uzio wa umeme ukajengwa, na mwaka 2011 watu wakaanza kuingia kwa tiketi. Tiketi ikawa hesabu. Kwa maoni yetu, hesabu hiyo ni kinga: msitu wenye wageni wengi una mashahidi wengi, na ni vigumu kuunyakua kimyakimya.

Hata hivyo, tiketi haioni ardhi. Nyayo hushindilia udongo, maji ya mvua hayazami, njia hupanuka, mizizi hubaki wazi. Ndiyo maana njia zilezile zinafaa kupimwa kila msimu. Klipriviersberg hitaji hilo ni kubwa zaidi, kwani kuna kuta za mawe za Watswana wa kale. Nyasi huota tena; jiwe lililoangushwa halirudi lenyewe.