Vumbi la rangi kwenye gari: Namna ya kuliondoa bila kuharibu rangi yenyewe

WAKAZI wengi wa miji yetu wamezoea kuegesha magari kando ya gereji za kupuliza rangi, au chini ya majengo yanayopakwa rangi upya. Mwenye gari hurejea jioni, akaliona kama alivyoliacha. Akipitisha kiganja juu ya boneti, huhisi kitu kinachokwaruza mfano wa msasa.

Hayo ni matone madogo mno ya rangi yaliyopeperushwa na upepo. Makala haya yatayaita vumbi la rangi. Kila siku wapo wanaokutwa na mkasa huo, hususan katika maeneo yenye gereji nyingi za wazi kama vile Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi hasara kubwa hailetwi na vumbi hilo, bali na dawa anayotumia mwenye gari. Kitambaa kimoja kilicholoweshwa thina kinaweza kugeuza usumbufu wa saa mbili kuwa gharama ya kupaka upya paneli nzima.

Hatari iko wapi?

Ili kuielewa hatari hiyo, ni vyema kujua jinsi rangi ya gari inavyopangwa. Juu ya bati kuna rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe inayoonekana. Mwisho kabisa, kwa magari mengi ya miongo ya karibuni, kuna tabaka linalong'aa lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia.

Klia ndiyo ngao ya gari dhidi ya jua, mvua na chumvi ya pwani. Unene wake kwa kawaida ni kati ya mikroni 35 na 50 tu, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa maneno mengine, klia ni nyembamba kuliko unywele mmoja wa kichwani.

Ikikwanguliwa kupita kiasi hairudi. Baada ya muda jua huipasua, ikabambuka vipande vipande na kuacha mabaka meupe kama tunavyoyaona kwenye paa za magari makuukuu.

Habari njema ni kwamba vumbi la rangi aghalabu huwa halijazama ndani ya klia. Matone hayo hukauka kiasi yakiwa bado hewani, hivyo yanapotua hushika juu juu tu. Kwa sababu hiyo, kanuni kuu ni moja: anza na njia iliyo dhaifu kuliko zote, na usihamie iliyo kali zaidi mpaka ya kwanza ishindwe.

Tambua aina ya rangi iliyokurukia

Hatua ya kwanza ni kuuliza, si kusugua. Nenda kwa fundi wa gereji au wa jengo umuulize alikuwa akipuliza rangi gani, kwani kila rangi ina tabia yake.

Rangi ya maji ya kuta ndiyo nyepesi kuondoka. Ikiwahiwa ndani ya saa chache hutoka kwa maji mengi na shampuu ya gari. Ikiwa imekwisha kukauka, ifunike kwa taulo lililolowa maji ya uvuguvugu kwa muda wa robo saa ili ilainike, kisha uifute taratibu.

Rangi ya mafuta, ile ya mageti na madirisha, huchukua siku kadhaa kukomaa. Katika siku hizo inaweza kulainishwa kwa tapentaini au mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa laini, kisha sehemu hiyo ioshwe mara moja kwa shampuu.

Rangi ya magari inayochanganywa na kigumishi ndiyo sugu kuliko zote. Hukauka kwa mabadiliko ya kikemikali, na ikishakomaa tapentaini haiilainishi tena. Kwa hiyo, ukiona gari lako limerukiwa na rangi hiyo, usisubiri hadi wiki ijayo.

Je, gari lako liliwahi kupakwa rangi upya?

Swali hili ni muhimu kwetu, kwa kuwa magari mengi yanayoingia Afrika Mashariki ni yaliyotumika, na mengine yamepitia kwa mafundi zaidi ya mara moja.

Rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto kali na kwa kawaida hustahimili kuguswa kwa muda mfupi na tapentaini. Rangi ya bei nafuu iliyopulizwa mtaani bila kigumishi haina ustahimilivu huo. Thina iliyotumika kuiyeyusha siku ya kupulizwa inaweza kuiyeyusha tena hata baada ya miaka.

Kabla ya kutumia kimiminika chochote, fanya jaribio dogo kwenye ukingo wa chini wa paneli ile ile, mahali pasipo na vumbi la rangi. Usijaribu ndani ya mlango, kwani huko huenda bado kuna rangi ya kiwandani na jibu likakupotosha. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, au sehemu hiyo ikipoteza mng'ao, acha mara moja.

Udongo wa kusafishia

Ikiwa maji na tapentaini havikufua dafu, njia inayotumiwa na wasafishaji wengi wa magari duniani ni udongo maalumu wa kusafishia. Licha ya jina lake, si udongo wa ardhini. Ni donge linalonyumbulika, mfano wa lile la watoto la kufinyangia, lenye chembechembe laini za kukwangua. Hupatikana katika maduka ya vifaa vya magari.

Egesha gari kivulini na usubiri bodi ipoe. Lioshe vizuri kwanza, maana mchanga ukibaki utakwaruza. Epuka sabuni ya unga.

Kata kipande cha udongo, ukitandaze kitoshe kwenye vidole vinne. Shughulikia eneo dogo kwa wakati mmoja, kama nusu mita kwa nusu mita. Lilowanishe kwa maji yenye shampuu, kisha pitisha udongo kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza. Mwanzoni utahisi ukikwama na kusikia mkwaruzo. Ukianza kuteleza kimya kimya, eneo hilo limetakata.

Kunja udongo mara kwa mara ili upande safi uwe nje. Ukianguka chini, utupe, hata kama ni mpya, kwani umeshabeba mchanga.

Kupima kazi yako, vaa mkononi mfuko mwembamba wa nailoni, kama ule unaofungia mkate, na upapase bodi iliyokauka. Nailoni huongeza hisia za vidole, hivyo hata punje isiyoonekana kwa macho hujulikana.

Udongo huondoa pia nta yote iliyokuwapo. Maliza kwa kupaka nta mpya, ambayo pia itafanya vumbi jingine lisishike kwa urahisi siku nyingine.

Sehemu zisizo za bati

Vioo vya madirisha husafishwa kwa wembe mpya ulioshikwa kwa ulalo, juu ya kioo kilicholowa maji ya sabuni. Wembe huo usiguse kioo chenye karatasi ya kuongeza giza, wala bodi ya gari.

Taa za mbele za magari ya sasa ni za plastiki. Thina na petroli huweza kuzitia ukungu na kuzipasua nyufa ndogo zisizotibika. Zitendee kwa maji, shampuu na udongo tu. Tahadhari hiyo hiyo inahusu mipira ya milango na bampa nyeusi zisizopakwa rangi.

Aidha, petroli isitumike kusafishia kabisa. Mvuke wake hulipuka kwa cheche ndogo, na ina benzini, kemikali inayosababisha saratani. Hata tapentaini na mafuta ya taa yatumike mahali penye hewa, mbali na moto.

Wakati wa kumwachia fundi

Ikiwa matone ni makubwa na magumu, kinachobaki ni kung'arisha kwa mashine na dawa ya kusugulia, au msasa wa maji ulio laini sana. Kazi hiyo hupunguza unene wa klia, hivyo ifanywe na mtu mwenye kipimo cha unene wa rangi. Fundi anayeanza na msasa kabla ya kujaribu udongo hastahili kukabidhiwa gari lako.

Kabla ya kugusa lolote, piga picha za gari na za mahali rangi ilikotoka, uandike tarehe na saa. Wenye bima kubwa wasome mkataba wao na kuitaarifu kampuni mapema. Anayedai fidia baada ya kusugua kwa thina atapata taabu kuthibitisha ni hasara ipi iliyoletwa na jirani na ipi aliyojiletea mwenyewe.

Wahenga walinena kuwa mwenye pupa hadiriki kula tamu. Katika jambo hili, atakayeokoa rangi ya gari lake ni yule aliyeanza na maji, akaishia kwenye udongo, na chupa ya thina akaiacha dukani.