Toggenburg (mbuzi)

Toggenburg ni aina ya mbuzi wa maziwa iliyotokea katika bonde la Toggenburg, jimbo la St. Gallen, mashariki mwa Uswisi. Rangi yake ni kahawia, iliyofifia au kukolea, yenye michirizi miwili myeupe kutoka juu ya macho hadi puani, na miguu myeupe kuanzia magotini kushuka. Jike aliyekomaa huwa na kilo 55 hivi au zaidi, na hubeba mimba kwa takriban siku 150.

Usafi wa nasaba hulindwa kwa kumbukumbu: kila mwanambuzi huwekewa alama na kuandikwa pamoja na wazazi wake. Marekani, kwa mfano, ilipokea Toggenburg mwaka 1893. Chama cha kusajili mbuzi wa maziwa kiliundwa huko mwaka 1904. Katika mashamba ya familia, ambako makundi ni madogo, tatizo kubwa ni beberu kupanda mabinti zake. Ndiyo maana wafugaji hubadilishana mabeberu. Hawapandishi pia beberu na jike wote wawili wasio na pembe kwa asili, kwani huweza kuzaliwa watoto huntha, wasiozaa.

Nchini Kenya, shirika la FARM-Africa lilipeleka Toggenburg huko Meru katika miaka ya 1990. Beberu mmoja wa nasaba safi alitunzwa na mkulima kwa niaba ya kikundi na kupanda mbuzi wa kienyeji. Chotara waliopatikana, na vizazi vyao vilivyopandishwa tena na Toggenburg, hufugwa bandani na kulishwa majani ya kukatwa.