Mchongaji Asiye na Nyumba: Vinyago vya Kisasa na Suala la Makumbusho Dar es Salaam

Utangulizi

Ukitoka sokoni Kariakoo ukashika Mtaa wa Uhuru kuelekea mjini, lazima upite Mnazi Mmoja. Hapo pana mnara wa Mwenge wa Uhuru, pana ukumbi wa Anautoglo, na pembeni uko Mtaa wa Lumumba ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kwa yeyote aliyekaa darasani katika nchi hii, eneo hili ni kama ukurasa wa kitabu cha historia. Lakini hebu tuangalie vizuri: ni ukurasa wa historia ya siasa. Historia ya sanaa, na hasa ya uchongaji, imeandikwa wapi katika mji huu?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo. Dai letu ni kwamba Dar es Salaam ilikuwa moja ya vitovu vya uchongaji wa kisasa katika Afrika Mashariki, lakini haijamjengea mchongaji wake hata mmoja nyumba ndogo ya makumbusho na utafiti, na kwamba kukosekana kwa nyumba hiyo siyo suala la wachongaji peke yao. Linatuhusu na sisi wanafunzi wa fasihi. Tutaanza na sanamu za mji, kisha tutaangalia jinsi vinyago vya kisasa vilivyoanza, halafu tutamtazama George Lilanga kama mfano, na mwishoni tutajibu pingamizi mbili ambazo bila shaka msomaji ameshaanza kuzifikiria.

Sanamu zenye jina na sanamu zisizo na jina

Sanamu maarufu kuliko zote mjini ni ile ya Askari, katikati ya barabara ya Samora. Ilizinduliwa mwaka 1927, na jina la aliyeitengeneza linajulikana: James Alexander Stevenson, Mwingereza. Iliwekwa kuwakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wapagazi hao wa Carrier Corps ndio walioiachia Kariakoo jina lake. Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa wameweka mjini sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza waliing'oa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu waliiangusha mwaka 1968.

Tunaona nini hapa? Sanamu ya mtawala ina historia ndefu: nani aliichonga, ilisimama wapi, ilihamishwa lini, nani aliiangusha. Sanamu ya askari nayo inajulikana mtengenezaji wake. Lakini ukiingia katika duka lolote la vinyago mjini, ukaokota kinyago cha mpingo kilichomchukua mtu wiki kadhaa za tezo, patasi, tupa na msasa, ukauliza kimechongwa na nani, jibu utakalopewa ni moja: "Hicho cha Kimakonde." Yaani kabila zima limefanywa mtunzi. Sisi katika fasihi simulizi tunaujua ugonjwa huo. Ni ule ule wa kusema hadithi ni "ya jamii" halafu mtambaji akabaki bila jina.

Kutoka mashambani hadi dukani

Wamakonde wengi waliovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji walikuja Tanganyika kutafuta kazi, hasa katika mashamba ya mkonge, wakikimbia kodi na kazi za shuruti za Wareno. Walikuja na ufundi wao wa kuchonga, uliokuwa umezoea vinyago vya kuvaa katika ngoma za jando na unyago, na vitu vya kutumia kila siku. Mjini walikuta mteja wa aina nyingine: mgeni mwenye fedha anayetaka kitu cha kuweka mezani.

Katika miaka ya 1950 mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, alianza kununua kazi zao kwa utaratibu, akiwapa wachongaji nafasi na moyo wa kujaribu mambo mapya. Kutoka katika mazingira hayo yakatokea majina mawili ambayo kila mwanafunzi wa sanaa angepaswa kuyajua kama anavyomjua Shaaban Robert. La kwanza ni Samaki Likankoa, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani mwishoni mwa miaka ya 1950: maumbo yaliyopinda, jicho moja, mdomo mpana, viungo vilivyokosa mahali pake. La pili ni Roberto Yakobo Sangwani, ambaye kwake mtindo wa watu waliobebana kama nguzo moja ndefu unahesabiwa kuanzia.

Mtindo huu wa pili ndio unaotuvuta sisi wahakiki. Mwanzoni uliitwa dimoongo, neno la Kimakonde linalohusu nguvu. Mchongaji alianza na picha ya mshindi wa mieleka aliyebebwa juu na wenzake. Ni sherehe ya ushindi wa mtu mmoja, siyo? Lakini baada ya siasa ya Ujamaa kushika nchi, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kinyago kile kile kikapewa jina jipya: ujamaa. Mshindi aliyebebwa akageuka mzee wa ukoo, na wenzake wakageuka familia inayotegemezana. Leo kila mtalii anaelezwa hivyo, na sisi wenyewe tunaeleza hivyo.

Hatusemi kwamba maana hii mpya ni ya uongo. Kazi ya sanaa ina haki ya kusomwa upya na kila kizazi, na wachongaji wengine waliipokea maana hiyo wakachonga kwa kuifuata. Tunachosema ni kwamba anwani ya kazi ilibadilishwa na msomaji, siyo na mtunzi, na kwa kuwa hakuna mahali palipohifadhi anwani ya kwanza ikaonekana na watu wote, wengi wetu hatujui hata kama ilikuwapo. Fikirini kama mtu angeibadilisha anwani ya tamthiliya, akafuta jina la mwandishi, halafu sisi tukaandika tasnifu kuhusu dhamira yake! Tungechekwa. Lakini katika uchongaji ndivyo tunavyofanya kila siku.

Mlinzi wa Nyumba ya Sanaa

Sasa tumtazame George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanganyika, akajifunza kuchonga kwa njia ya kawaida ya Wamakonde, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaja Dar es Salaam. Mwaka 1972 ilianzishwa Nyumba ya Sanaa, kwa juhudi za Sista Jean Pruitt, ili wasanii wapate mahali pa kufanyia kazi na kuuza. Lilanga aliingia hapo siyo kama msanii, bali kama mlinzi. Kumbe mlinzi mwenyewe alikuwa fundi kuliko wengi waliokuwa ndani. Kazi zake zilipoonekana alipewa nafasi, na kufikia mwaka 1978 zilikuwa zinaonyeshwa Washington, Marekani.

Lilanga aliwatoa mashetani kwenye mpingo akawapeleka kila mahali: kwenye batiki, kwenye mbao laini zilizopakwa rangi kali, kwenye mabati, kwenye turubai. Na mashetani wake siyo wa kutisha. Wana masikio makubwa, matumbo na midomo ya kuning'inia, wanapiga soga, wanagombana, wanacheza ngoma. Mtu aliyezoea fasihi atawatambua mara moja: ni ndugu zake Sungura na Abunuwasi, ni kejeli. Ni watu wa uswahilini wenyewe, wamevalishwa ushetani ili waweze kuchekwa bila kukasirika.

Alifariki Dar es Salaam mwaka 2005, baada ya kuugua kisukari kwa miaka mingi na kukatwa miguu. Katika miaka yake ya mwisho kazi nyingi zilitoka katika karakana yake zikiwa zimepita mikononi mwa wasaidizi na wanafunzi wake. Kwa desturi ya uchongaji wetu hilo si kosa hata kidogo. Fundi ana wanafunzi. Lakini soko la nje linataka kujua mkono wa nani ulishika brashi, na bei hutegemea jibu. Nani atatoa jibu hilo? Hapa nyumbani hakuna daftari la kazi zake lililo wazi kwa mtafiti. Basi anayeamua ni mnunuzi na dalali, na sehemu kubwa ya kazi zake muhimu iko katika makusanyo ya Ulaya na Marekani.

Wenzetu wamefanyaje?

Ufaransa, mchongaji Auguste Rodin aliipa serikali kazi zake mwaka 1916, akafariki mwaka uliofuata, na makumbusho yake yakafunguliwa Paris mwaka 1919. Msomaji atasema hao ni matajiri. Sawa, tuje karibu. Msumbiji, nchi iliyotoka vitani, ina makumbusho ya mchongaji Alberto Chissano, aliyefariki mwaka 1994, katika nyumba yake mwenyewe kule Matola. Nyumba ya mtu ikawa nyumba ya watu. Kenya nayo, makusanyo ya Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, yamewekwa katika jengo la Nyaraka za Taifa katikati ya Nairobi, ambako wapita njia ni wengi kama Kariakoo. Chini mtu anaangalia sanaa, na humo humo jengoni mtafiti anasoma majalada. Na kubwa kuliko yote, Japani lilifunguliwa jumba zima la vinyago vya Kimakonde, mkoani Mie. Mjapani alivuka bahari kuja kutafuta alichoona kina thamani. Sisi tunakipita tukienda kupanda basi.

Tusiisahau Makumbusho ya Taifa. Ilifunguliwa mwaka 1940 na imefanya kazi kubwa. Lakini makumbusho ya taifa ina wajibu wa kueleza mambo mengi, kuanzia fuvu la mtu wa kale wa Olduvai hadi uhuru. Haiwezi kumfuata mtu mmoja, mwaka hadi mwaka, kinyago hadi kinyago. Na angalieni jambo hili: makumbusho hiyo iko katika Mtaa wa Shaaban Robert. Mshairi ana mtaa, ana vitabu vilivyochapishwa, ana somo katika kila chuo. Mchongaji hana hata chumba.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza: uchongaji wa Kimakonde ni wa jamii, kwa hiyo kumjengea mtu mmoja nyumba ni kuleta ubinafsi wa kibepari. Hoja hii ina uzito, na ni kweli hakuna Lilanga bila wajomba na walimu waliomtangulia. Lakini tukumbuke Muyaka bin Haji wa Mombasa. Vina na mizani alivirithi kutoka kwa jamii, hakuvibuni yeye. Hata hivyo tunamsoma kama Muyaka kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya tungo zake na Mwingereza W. E. Taylor akaziandika, mpaka zikachapishwa mwaka 1940. Bila wazee wale wawili Muyaka angekuwa "mashairi ya Kimvita" tu, kama vile Samaki alivyo "kinyago cha Kimakonde" tu. Kumtaja mtu mmoja si kuikana jamii. Nyumba nzuri ya mchongaji ingeanza na ukuta wa walimu wake na kuishia na ukuta wa wanafunzi wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mchongaji wa leo pale Mwenge hana shida ya makumbusho, ana shida ya gogo na mteja. Mpingo unakua polepole mno, miongo kwa miongo, na magogo yanazidi kuwa adimu, ndiyo maana mti mwingine hupakwa rangi ya viatu ukauzwa kama mpingo. Huyu ukimwambia habari za utafiti si atakucheka? Huenda. Lakini tujiulize kwa nini kazi yake ni rahisi. Kitu kisicho na jina la mtunzi, mwaka wala historia huuzwa kwa uzito na ukubwa, kama mkaa. Jina ndilo linalompa mchongaji nguvu ya kukataa bei. Daftari la mtafiti na chakula cha mchongaji, kwa hiyo, siyo maadui.

Hitimisho

Tunapendekeza nini? Siyo jumba la vioo. Vyumba vitatu vingetosha. Cha kwanza kiwe cha kazi zenyewe, hata zikiwa kumi. Cha pili kiwe cha zana na sauti: tezo, patasi, na kanda za wazee wakieleza kwa Kimakonde na Kiswahili walichokusudia kabla mnunuzi hajawapa anwani. Cha tatu kiwe cha majalada: picha, risiti, barua, orodha ya kazi ziliko duniani. Chumba hiki cha tatu ndicho muhimu kuliko vyote, kwa sababu makumbusho bila utafiti ni ghala lenye taa.

Na mahali? Mnazi Mmoja panafaa. Upanga na Oysterbay ndiko vinyago vilikozoea kumngojea mwenye dola. Mnazi Mmoja ni njia ya mchuuzi, ya mwanafunzi, ya mgonjwa anayetoka hospitali, ya fundi cherehani. Mashetani wa Lilanga wamewachora watu hawa hawa. Ni haki yao kujiona.

Wakati tunaisubiri nyumba hiyo, kuna kazi isiyohitaji bajeti ya mtu. Kila mmoja wetu anayefanya utafiti wa fasihi simulizi anaweza kumuuliza mchongaji mmoja jina lake, jina la mwalimu wake, na jina alilokipa kinyago yeye mwenyewe, akayaandika na kuyaweka maktaba. Wazee waliokuwako wakati wa Peera wamekwisha karibu wote. Lilanga alianza kwa kuilinda Nyumba ya Sanaa. Zamu ya kumlinda yeye imetufikia sisi.