Babu mmoja, kurasa mbili: jinsi ya kushughulikia rekodi pacha kwenye mti wa ukoo mtandaoni

Wadau, ukifungua mti wa ukoo mtandaoni ukamkuta babu yako yupo mara mbili, usikimbilie kitufe cha kuunganisha. Tulia kwanza. Kurasa mbili za mtu mmoja ni uchafu tu, unaweza kufagiliwa hata mwakani. Lakini watu wawili wakishageuzwa mtu mmoja, hapo kuna mtu amefutwa kwenye ukoo, na huenda wazee waliomfahamu hawapo tena wa kumtetea.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Kuna tovuti ambazo kila mtu ana mti wake, unaandika ya kwako na mimi naandika ya kwangu. Hizo hazituhusu leo. Tunaongelea zile zenye mti mmoja wa dunia nzima ambao wote tunauandika pamoja: FamilySearch, inayoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (bure, na si lazima uwe muumini wao), WikiTree iliyoanza 2008, na Geni iliyoanza 2007 na kununuliwa na kampuni ya MyHeritage mwaka 2012. Humo kila marehemu anatakiwa awe na ukurasa mmoja tu. Akiwa nazo mbili, mimi naziita rekodi pacha.

Pacha zinazaliwaje? Njia ni nyingi. Wewe uko Tanga unaandika Mohamed, binamu yako yuko Muscat anaandika Muhammad, hakuna aliyetafuta kwanza kama mzee tayari yumo. Mwingine anaandika jina la ubatizo, mwingine jina la nyumbani, mwingine "Mama Asha" basi, kwa sababu ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Wengine wanaweka cheo kama jina, unakuta Seyyid, Sheikh, Mwalimu, Chifu, na kompyuta inadhani hilo ndilo jina la kwanza. Kuna anayepakia faili zima la ukoo kwa mkupuo mmoja, watu mia tatu wanamwagika humo bila kukaguliwa. Na kwenye kafe zetu hizi mtandao ukiwa wa kobe, mtu anabonyeza hifadhi, haoni kitu, anabonyeza tena. Tayari, bibi kazaliwa mara mbili!

Sasa chukua mfano ambao wengi wetu tunaujua, ukoo wa masultani wa Zanzibar. Seyyid Said bin Sultan alifariki 1856 akaacha watoto wengi wa mama mbalimbali. Mmoja wao ni Salme, aliyezaliwa Zanzibar 1844, mama yake akiwa suria aliyeitwa Jilfidan. Mwaka 1866 Salme aliondoka Zanzibar, na 1867 akabatizwa kule Aden kwa jina la Emily na kuolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Kitabu chake cha maisha yake kilitoka kwa Kijerumani 1886, na alifia Jena 1924. Mtu wa Unguja akimwandika ataandika Salme binti Said. Mjerumani ataandika Emily Ruete. Jina tofauti, dini tofauti, nchi tofauti, lakini baba ni yule yule, mama ni yule yule, mwaka wa kuzaliwa ni ule ule na mume ni yule yule. Hao ni mtu mmoja. Unganisha, na majina yote mawili yabaki kwenye ukurasa, lisitupwe hata moja.

Haya, geuza upande wa pili. Hamad bin Thuwaini alitawala Zanzibar kuanzia 1893 hadi alipofariki tarehe 25 Agosti 1896. Hamud bin Mohammed alikalishwa kwenye kiti tarehe 27 Agosti 1896, siku ile ya vita vya dakika chache dhidi ya Khalid bin Barghash. Hamad na Hamud wote ni wajukuu wa Seyyid Said. Wote masultani. Majina yanatofautiana irabu moja kwetu, na kwa Kiarabu yanatofautiana herufi moja. Mtu mvivu anaona babu mmoja, kazi moja, mwaka 1896 kwenye kurasa zote mbili, anabonyeza! Lakini Thuwaini na Mohammed ni ndugu wawili tofauti, kwa hiyo Hamad na Hamud ni binamu. Ukiwaunganisha umeharibu kizazi kizima chini yao, maana Ali bin Hamud aliyetawala 1902 hadi 1911 anahamia kwa baba asiye wake. Na yeye mwenyewe wasije wakamchanganya na Ali bin Said aliyetawala 1890 hadi 1893. Hapo hatujagusa Khalifa wawili, bin Said na bin Harub.

Ona basi jinsi jina lilivyo shahidi dhaifu. Kwa masultani afadhali, kuna vitabu. Kwetu sisi wengine shahidi ni kumbukumbu ya wazee tu, na desturi zetu za majina zinarudia majina makusudi. Wakikuyu kwa mfano, mtoto wa kiume wa kwanza anapewa jina la babu mzaa baba. Tuseme mzee alikuwa na wake wawili. Kila mke akizaa mtoto wake wa kwanza wa kiume, wote wawili wanaitwa jina la babu yule yule! Baba mmoja, jina moja, kijiji kimoja, miaka inakaribiana. Kompyuta itakwambia hao ni mtu mmoja bila aibu. Ukiikubalia, watoto wa nyumba ya pili wote wanaonekana wa nyumba ya kwanza, na mama yao anabaki kwenye mti kama mwanamke asiyezaa. Fikiria mjukuu wake akifungua hiyo kesho kutwa. Na kwenye koo ambazo bado zina mvutano wa shamba, hiyo picha mtu anaweza kuichapisha akaenda nayo kwenye kikao.

Kuna na pacha wenyewe wa kweli, akina Kulwa na Doto. Tarehe moja, wazazi hao hao, mahali hapo hapo. Mmoja akifa mchanga, mara nyingi jina lake halijaandikwa vizuri. Hao nao mashine inawapenda sana.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mzee yeyote huwa si "alizaliwa mwaka gani". Miaka ya zamani mingi ni ya kukisia, na mwingine anahesabu Hijria, mwingine miladi. Mimi ningeuliza: huyu ni wa tumbo la nani? Halafu ndugu zake wa tumbo moja ni akina nani, aliowaoa ni nani na nani, kazikwa wapi. Uwe makini pia na neno baba. Mzee akisema "baba yangu fulani" anaweza kuwa anamaanisha baba mkubwa au baba mdogo, na wewe ukiandika hivyo hivyo umetengeneza baba wa pili. Mama, baba, mwenzi, watoto, mahali. Vikilingana vitatu au vinne na hakuna kinachopingana, endelea. Kimoja kikipinga kabisa, kwa mfano mama wawili tofauti, simama hapo hapo.

Upande wa mitambo sasa. FamilySearch kila mtu ana namba yake ya herufi na tarakimu. Andika namba zote mbili kwenye karatasi kabla hujagusa kitu, karatasi haikatiki umeme. Mfumo wenyewe huonyesha wanaodhaniwa kujirudia, na ukizijua namba unaweza kuzilinganisha mwenyewe. Utaona safu mbili, upande mmoja yule anayebaki, upande mwingine yule anayeondoka. Pitia kila mstari, hasa wake na watoto, na hamisha kile ambacho anayebaki hana. Watu wengi wanaruka hapa, halafu wanashangaa shangazi kapotea. Mwisho kuna kisanduku cha sababu. Usiandike "ni yeye" tu. Andika nani kakwambia na vitu gani vimelingana. Na ukigundua si yeye, kuna nafasi ya kusema si mtu mmoja, itumie na uweke sababu, ili mwingine asirudie kosa hilo mwezi ujao.

Walio hai ni habari nyingine. Humo FamilySearch ukurasa wa mtu aliye hai kwa kawaida anauona yule aliyeuandika, wengine hawauoni. Kwa hiyo bibi yako aliye hai anaweza kuwa na ukurasa kwako na mwingine kwa binamu, na hiyo si kosa la mtu. Siku akifariki na nyinyi wawili mkaandika kuwa ni marehemu, kurasa zote zinatoka hadharani na ndipo zinatakiwa kuunganishwa. Kubalianeni mapema nani atafanya.

WikiTree ina taratibu zaidi. Unapendekeza muungano, na msimamizi wa ukurasa ule mwingine anapewa muda akubali au akatae. Ukiwa na wasiwasi, usikatae wala usikubali, kuna alama ya kusema kurasa hizi zinafanana ila bado hatujathibitisha. Mimi naipenda sana hiyo. Kule kubandua muungano uliokwisha fanyika ni kazi ngumu ya mkono, kwa hiyo bora uchelewe. Geni wana wasaidizi wa kujitolea wanaotatua migongano, waandikie ukikwama.

Na ukikuta mwingine keshawaunganisha watu wawili wa kwenu? Usianze kwa matusi. FamilySearch fungua historia ya mabadiliko ya ukurasa, tafuta siku ya muungano na jina la aliyefanya. Kama hakuna kilichobadilishwa baada ya hapo, unaweza kuutengua muungano. Kama watu wameshaandika mengine juu yake, mrudishe yule aliyefutwa kutoka kwenye historia hiyo hiyo, halafu mpe tena mama yake na wanawe mmoja mmoja. Kisha mwandikie aliyefanya, kwa heshima, umtajie tumbo la kila mmoja. Mara nyingi ni ndugu yako tu wa mbali ambaye hakuwa na mzee wa kumuuliza.