Kilio, ndoa, kuzaliwa kwa mtoto: mufanyakazi ana haki ya siku ngapi?

Simu inalia asubuhi: baba amefariki kijijini. Unaaga wenzako, unapanda gari, unaenda. Kisha kurudi, bosi anasema ulikosa kazi siku ine, mushahara unakatwa. Wengi wananyamaza, juu hawajue kama sheria ilishapanga jambo hili.

Kode ya Kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inapatia mufanyakazi konje yenye kulipwa wakati jambo kubwa linapotokea katika jamaa:

- Wewe mwenyewe unaoa ao unaolewa: siku 2 za kazi.
- Bibi yako amezaa: siku 2.
- Mtoto wako anaoa ao anaolewa: siku 1.
- Kifo cha bwana ao bibi yako, mzazi, mtoto, baba-mkwe ao mama-mkwe: siku 4.
- Kifo cha kaka, dada, babu, nyanya, mjukuu ao shemeji: siku 2.

Hapa njo watu wanakosana na bosi. Kwetu baba mudogo ni baba, lakini sheria haimuhesabu hapo. Mjomba, shangazi na binamu pia hapana. Kwa kilio chao unaomba ruhusa tu, isipokuwa kama kontra yako ao mapatano ya kampuni inatoa zaidi.

Siku hizi hazigawanywe, na zinachukuliwa wakati jambo lenyewe limetokea. Huwezi kuziweka akiba mpaka Desemba. Bosi analazimishwa kuzilipa mpaka siku 15 za kazi kwa mwaka. Usizichanganye na konje ya mwaka: ile inafunguka kisha mwaka moja wa kazi, na ni angalau siku 1 ya kazi kwa kila mwezi.

Mbele ya kwenda, andika barua fupi na uombe wasaini kwenye kopi yako. Kama habari imekukuta usiku, tuma mesaje, kisha lete barua ukirudi, pamoja na cheti cha kifo, cha ndoa ao cha kuzaliwa. Chunga kopi zote nyumbani.

Bosi akikatala ao akikata mushahara, peleka kopi hizo kwa inspekta wa kazi. Ni yeye anajaribu kwanza kuwapatanisha. Tribinale inakuja kisha. Wafanyakazi wa Serikali, wao wana sheria yao ya pekee.