Motere kuzima katikati ya ziwa: filtri ya mazutu na maji yanayojificha ndani ya rezervuari

Mutu anayesafiri kati ya Goma na Bukavu, ao kati ya Uvira, Baraka na Kalemie, anajua ile dakika. Boti imetoka bandarini vizuri, ziwa liko kimya. Halafu upepo unaamka, mawimbi yanapanda, na motere inaanza kukohoa. Inashusha sauti, inapanda tena, inazima. Watu wanasema ni bahati mbaya. Mara nyingi haiko bahati, ni maji yaliyolala ndani ya rezervuari tangu siku nyingi.

Maji ni mazito kuliko mazutu. Litre moja ya maji iko na kilo 1, ya mazutu iko na karibu gramu 840. Ziwa likiwa limetulia, maji yanakaa chini, mdomo wa tiyo hauyafikii. Wimbi likitikisa boti, yanachanganyika na uchafu wa chini, yanavutwa. Ndiyo maana motere inazima saa ile ile tunayoihitaji zaidi, na boti isiyokuwa na nguvu inageuka, inapokea mawimbi kwa ubavu. Tuseme wazi: filtri haiokoe boti iliyobeba watu kupita kiasi. Ile iliyotoka Minova na kuzama karibu na Kituku, Oktoba 2024, kilio kikubwa kilikuwa juu ya mzigo. Lakini boti iliyojaa na motere imezima, hapo hatari mbili zimekutana.

Maji yanaingia wapi? Kwa bidoni ya kadafi iliyooshwa na haikukauka. Kwa kifuniko cha rezervuari mvua ikinyesha. Tena yanaingia bila mutu kuyaleta: rezervuari ikilala nusu tupu, hewa ya ndani inapoa usiku na kuacha matone kwenye bati. Ziwa Kivu liko karibu metre 1.460 juu ya bahari, usiku wake una baridi. Kwa hiyo ni afadhali kujaza jioni kuliko asubuhi. Kule maji yanapokutana na mazutu, vijidudu vidogo vinazaliana na kutengeneza utelezi mweusi. Ukiuona ndani ya filtri, ujue rezervuari yenyewe inaomba kuoshwa.

Wengi wanaweka kitambaa kwenye entonwari. Ni vizuri kwa majani na mchanga, lakini maji yanapita. Boti ya mazutu inahitaji filtri mbili zinazofuatana. Ya kwanza, katikati ya rezervuari na pompi, ni ya kutenganisha maji, ile mafundi wanaita dekanteri. Iko na kikombe chini, maji yanashuka humo, na robine ndogo ya kuyatoa. Ya pili iko juu ya motere na inakamata vumbi dogo kabisa mbele ya enjekteri.

Kuchagua kunaanza na mikroni, ni kusema ukubwa wa kitu ambacho filtri inakamata. Unywele wa mutu una karibu mikroni 70. Kwa dekanteri, mikroni 30 ao 10 inafaa. Kwa ya pili, fuata kitabu cha motere. Wengine wanapenda kuweka 2 kwa dekanteri wakifikiri ndogo ni bora. Kwa mazutu yetu ya bidoni, inaziba haraka na motere inakosa chakula. Kwa filtri za Racor rangi inasaidia: nyekundu ni 30, buluu ni 10, kahawia ni 2.

Jambo la pili, wengi wanalisahau: litre ngapi zinapita kwa saa. Motere ya mazutu inavuta mengi kuliko inayochoma, yanayobaki yanarudi ndani ya rezervuari. Dekanteri ipimwe kwa yale yanayovutwa. Na filtri ya lori inaweza kuingia kwenye uzi ule ule bila kuwa na mikroni ile ile. Linganisha namba, usilinganishe umbo. Karatasi ya ndani ikiwa imekunjwa vibaya ao gundi imeachana, irudishe kwa muuzaji.

Kwa motere ndogo za esanse zinazofungwa nyuma ya mtumbwi, dekanteri inawekwa kwenye tiyo kati ya bidoni na motere. Mvuke wa esanse unashika moto upesi: zima motere, hakuna sigara, hakuna taa ya mafuta karibu.

Kubadilisha si kazi ngumu, lakini ifanyike bandarini. Funga robine ya rezervuari. Weka chombo chini, toa maji ya kikombe, fungua filtri ya zamani. Hakikisha mpira wa mviringo wa zamani haukubaki umenata; mipira miwili ikipandana, hewa itaingia. Paka mpira mpya mazutu kidogo, kaza kwa mkono tu. Ile filtri ya pili usiijaze na mazutu ya bidoni, kwa sababu uchafu utaingia upande uliokwisha kusafishwa. Ijaze kwa pompi ya mkono: legeza vise ya kutoa hewa, pampu mpaka mapovu yaishe, kaza. Acha motere izunguke dakika kumi na utazame kama inavuja. Mazutu machafu na maji uliyoyatoa, usiyamwage ziwani. Kuna familia zinachota pale pale maji ya kupikia.

Muda wa kubadilisha uko ndani ya kitabu, kwa masaa ya kazi. Anayenunua kwa kadafi afupishe. Motere ikikosa nguvu na mzigo lakini inaenda vizuri ikiwa tupu, filtri imeanza kuziba. Lakini kazi ya kila asubuhi ni ndogo kuliko hiyo: fungua robine ya kikombe, mimina ndani ya chupa nyeupe, ngoja dakika mbili, tazama. Maji yataonekana yenyewe chini. Yakionekana siku tatu mfululizo, rezervuari imwagwe yote na isuguliwe kabla ya kupakia abiria. Na ndani ya boti, filtri moja mpya ya kila aina na ufunguo wake, vimefungwa ndani ya plastiki kavu, karibu na nahodha, si chini ya magunia ya mihogo.